Hifadhi ya Arusha: sehemu za kupiga picha kali za Meru na Kilimanjaro, na saa ya kuwa pale

Lenzi ya Mashambani

Wakuu habari za humu.

Kila baada ya wiki mbili tatu naona mtu anaomba aelekezwe hifadhi yenye milima akapige picha nzuri, na majibu yanakuwa majina tu, nenda Momella, nenda Ngurdoto, usikose maporomoko, basi imeisha. Halafu mtu anaenda anarudi na picha za ukungu na twiga mweusi. Mimi nimeingia Hifadhi ya Arusha mara nyingi kiasi kwamba askari wa getini wananijua kwa sura, nimeona nikae niandike ninayoyajua ili anayekwenda asiipoteze siku yake kama nilivyoipoteza ya kwangu ya kwanza.

Siku hiyo tulichanga watu wanne tukakodi gari, kampuni sitaitaja, wakatuahidi kutupitia saa 12 kasoro asubuhi. Wakaja saa 3. Kufika Momella ni saa 5 inakaribia, jua liko utosini, Meru imejifunika wingu mpaka kiunoni, Kilimanjaro ndiyo kabisaa, huwezi hata kujua iko upande gani. Nilikuwa nimejibana miezi mitatu kwa ajili ya siku ile. Picha zote za siku hiyo twiga ana kivuli kizito tumboni na nyuma yake pana weupe mtupu, mlima ulioko kilomita chache tu haupo. Nilirudi nyumbani nikazifuta karibu zote, na kilichoniuma ni kwamba sehemu nilizofika ndizo hizo hizo zinazotajwa na kila mtu.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba pale sehemu ni ile ile, saa ndiyo inayobadilisha kila kitu. Ngoja nieleze kwa nini maana ukishaelewa hili huhitaji tena mtu wa kukuorodheshea sehemu.

Mlima Meru haujakaa kama chungu kilichofunikwa, umekaa kama bakuli lililovunjika upande mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka wote, na vile vilima vidogo vidogo unavyopita ukienda Momella, pamoja na maziwa yenyewe, vimekaa juu ya kifusi cha ule mporomoko. Kwa hiyo mdomo wa bakuli unatazama mashariki. Jua likichomoza linaingia moja kwa moja ndani, ule ukuta mrefu wa mwamba wa ndani unawaka rangi ya chungu kipya, unaona mpaka mikunjo ya mawe. Ikifika jioni jua limehamia nyuma ya mlima na wewe uliyesimama Momella unabaki na umbo jeusi tu. Zuri nalo, ila sio lile ulilolifuata.

Kilimanjaro ni kinyume chake. Iko mashariki ya hifadhi, kama kilomita 70 hivi ukipima kutoka kilele cha Meru, asubuhi jua linatokea upande wake kwa hiyo unapata umbo la kijivu na anga la machungwa, jioni jua linaupiga mlima usoni na kule juu Kibo inageuka waridi. Kwa hiyo asubuhi tazama magharibi umpige Meru, jioni tazama mashariki umpige Kilimanjaro. Mtu anayefanya kinyume atapigana na kamera yake siku nzima.

Na katikati ya siku je? Hapo ndipo wengi wanakata tamaa, kuanzia saa 4 mawingu yanapanda yanafunika vilele vyote viwili. Mimi hapo ndipo naingia msituni, maana mwanga wa wingu ndio unaoufaa msitu. Jua likiwa kali chini ya miti unapata madoa madoa meupe na meusi, picha inakuwa kama shuka lililomwagikiwa dawa. Wingu likishuka mwanga unakuwa laini, mwangati na podo zinaonekana kila jani, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini zinashika matone, na mbega anapigika.

Mbega wa pale ni wale weusi wenye mabega na mkia mweupe mrefu. Asubuhi na mapema wanakaa juu kabisa kwenye matawi wanaota jua, mikia imening'inia chini imetulia kama mapindo ya kanga kwenye kamba, usipotazama juu unapita chini yao na hujui. Shida ya mbega ni rangi zake, kamera inaona weusi mwingi inajiongezea mwanga, ule weupe unaungua unabaki kama karatasi, nywele hazionekani tena. Shusha eksposha kidogo, yaani mwanga unaoingia kwenye kamera, acha weusi uwe mweusi, weupe uutunze, nywele za begani zitoke moja moja.

Sasa mpangilio wangu wa siku moja. Naingia geti la Ngongongare likifunguliwa tu, naipitia Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi karibu na geti, pundamilia na nyati na ngiri wapo pale na Meru inakuwa nyuma yao imeshapigwa na jua, dakika 15 zinatosha, zaidi ya hapo unajiibia mwenyewe. Halafu moja kwa moja Momella kabla upepo haujaanza. Hili la upepo naomba mlishike. Asubuhi maji ya Momella Kubwa yanalala kabisa, mlima unaonekana mara mbili, juu na ndani ya maji. Upepo ukianza, na ukianza hautulii, ile picha ya pili inavunjika vipande na huipati tena mpaka kesho.

Maziwa yako saba, Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia, na rangi hazifanani, moja bluu, lingine kijani la mwani, kwa sababu magadi na chumvi zake hazilingani. Heroe, hawa tunaowaita flamingo, wanakaa kwenye yale ya magadi. Hapo usikimbilie zumu. Kaa chini kabisa, kama unaruhusiwa kushuka eneo hilo basi chuchumaa, shusha kamera usawa wa goti. Ukingo wa ziwa una ganda jeupe la magadi lililopasuka pasuka kama uji uliokaukia sufuriani, mbele yake kuna kamstari ka povu, halafu miguu ya heroe, halafu heroe wenyewe wameinamisha vichwa juu chini wanachuja maji, halafu mlima. Ukisimama wima vitu vyote hivyo vinabanana vinakuwa kitu kimoja, ukichuchumaa kila kimoja kinapata nafasi yake. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote nimeipiga nikiwa nimepiga magoti kwenye lile ganda, suruali iliharibika lakini picha ipo ukutani kwa mama yangu.

Mchana maporomoko ya Tululusia, unatembea kwa mguu kutoka upande wa geti la Momella na askari mwenye bunduki, hiyo ni lazima maana nyati wapo. Na ule mtini mkubwa ulioota kama mlango, gari inapita katikati. Pale wote wanapiga gari likiwa katikati ya mlango, mimi nashauri mpige mtu amesimama chini yake, ukubwa wa mti ndipo unaonekana.

Jioni Kitoto. Ni juu kwenye njia ya gari inayopanda mlimani, unahitaji fobaifo, unatazama mashariki unaona maziwa yote chini na Kilimanjaro ng'ambo. Mara nyingi wingu lililofunika mchana linaachia saa 11 kuelekea 12. Kikwazo ni geti, muda unakubana, ndiyo maana nikiwa na hela nalala kambi ya ndani karibu na Momella, asubuhi niko tayari ndani na jioni sina mtu wa kunikimbiza.

Ulizeni, nitajibu nachokijua.

Mama Wawili

Asante sana kaka, Mungu akubariki kwa kuandika kwa moyo hivi. Mimi nina simu tu, tunaenda na watoto wawili na bibi yao mwezi wa 12. Je, nitapata kitu au nijisumbue tu?

Lenzi ya Mashambani

Dada utapata, tena mambo mengine simu inashinda. Kwanza futa kioo cha kamera ya simu, sio utani, mafuta ya vidole yanafanya kila taa na kila anga liwe na ukungu, futa kwa kanga safi kila ukishuka garini. Pili, ukitaka kumpiga mlima gusa kwenye anga siyo kwenye nyasi, halafu telezesha kidole chini mwanga upungue mpaka uone mawingu yana umbo. Tatu, usivute zumu ya simu kwa mnyama aliye mbali, unapata rangi za maji tu, bora mnyama awe mdogo na mlima uwe mkubwa, twiga mmoja mdogo chini ya Meru inasema zaidi kuliko kichwa cha twiga kilichochanika. Kama dereva ana darubini mwombe, weka kamera ya simu kwenye kioo cha kutazamia, tuliza mkono kwenye dirisha, heroe wanatoka vizuri ajabu.

Mwezi wa 12 ukipita zile mvua za vuli anga linakuwa limeoshwa, mpaka Februari huko ndiyo kipindi kizuri cha kuona Kilimanjaro. Na bibi asikose Momella, gari linafika kabisa, hatatembea.

Mgumu Mstaafu

Wadogo zangu salama. Nimesoma yote. Kijana umeandika kweli, naongeza na kurekebisha kidogo kwa sababu mimi Meru nimeipanda nimebeba mizigo ya watu miaka mingi, nimelala Miriakamba, kibanda cha kwanza cha wapandaji, kuliko nilivyolala kwangu.

La kwanza, Juni mpaka Agosti msijidanganye na neno kiangazi. Mvua hakuna, sawa, lakini huku kwetu Arusha hiyo ndiyo baridi na wingu zito la asubuhi, siku nyingine jua hulioni mpaka saa 8. Mtu anayekuja Julai kupiga Meru kutokea Momella asubuhi anaweza kukaa siku tatu asiuone. Lakini huyo huyo akipanda juu ya wingu anapata kitu ambacho wa Januari hakipati, yaani bahari nyeupe chini yake na Kilimanjaro imetoka peke yake kama kisiwa. Kwa hiyo Julai panda, Januari kaa chini maziwani. Mimi ndivyo ningemshauri mwanangu.

La pili, kwa wanaopanda. Miriakamba iko mita 2,514, Saddle, kibanda cha pili, mita 3,570, kilele 4,566. Watu wanahifadhi nguvu na betri zote kwa ajili ya kileleni, na kileleni penyewe wanafika wamechoka mikono inatetemeka. Picha ya Meru haipo kileleni. Ipo njiani kwenye ukingo, baada ya Rhino Point, kunapopambazuka. Unakuwa umesimama kwenye mdomo wa lile bakuli, chini yako ndani kuna kile kilima cha majivu kimekaa peke yake kama kichuguu cheusi, na nyuma yake mbali ndipo jua linatoka ubavuni mwa Kilimanjaro. Vitu vyote vitatu kwenye picha moja. Kilima hicho kilitoa majivu mara ya mwisho 1910, wazee wetu wa Kimeru walihadithiwa na wazazi wao.

Na jioni mkifika Saddle msilale. Little Meru ni kama saa moja kwenda, mita 3,800 na kidogo, mnapata mwanga wa jioni na mnauzoeza mwili hewa nyembamba. Faida mbili kwa jasho moja.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Kwenye ule ukingo msipige picha mkitembea. Simama, panda miguu yote miwili chini, ndipo utoe kamera, ukimaliza rudisha kamera begani, ndipo utembee. Nilikuwa na mgeni mmoja alirudi nyuma hatua mbili amtoshe mwenzake kwenye picha, changarawe zikamteleza, nilimdaka mkanda wa begi nikiwa nimepiga tumbo chini. Alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia. Hakuna picha yenye thamani ya hiyo.

Lenzi ya Mashambani

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hili la Julai nakubali kabisa, nilikuwa naandika kama mtu wa chini. Nimejifunza. Vipi betri kule juu?

Mgumu Mstaafu

Marahaba. Betri zinakufa baridi, sio kwamba zimeisha. Lala nazo ndani ya begi la kulalia, usiku wa kupanda ziweke mfuko wa shati karibu na ngozi, sio mfuko wa koti. Ikizima usiitupe, ikande kwapani dakika kumi irudishe, nimeona ikirudi mara nyingi tu. Na mkirudi kibandani na kamera ya baridi msiitoe begini mara moja, kule ndani kuna pumzi za watu na mvuke wa supu, kioo kitatoa jasho mpaka ndani. Acha begi limefungwa mpaka lipate joto lenyewe.

Tumaini_Dom

Wakuu mimi nina kamera niliyonunua mtumba, ina lenzi mbili, ile fupi iliyokuja nayo na nyingine 70-300. Sina tripodi na dereva ananiambia garini haina maana kubeba. Nifanyeje? Na Ngurdoto hamjaisema kabisa, ni kwa makusudi?

Lenzi ya Mashambani

Tumaini hizo lenzi mbili zinakutosha kabisa, usinunue kitu. Ya fupi kwa mlima na ziwa, ya ndefu kwa mbega na heroe. Ila chagua mapema, usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea na madirisha wazi, vumbi la barabara ya Momella likiingia kwenye kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, utaliona kama madoa kwenye kila anga.

Dereva wako yuko sahihi kuhusu tripodi garini. Chukua kipande cha kitenge kizito, shona mfuko wa ukubwa wa mto mdogo wa mtoto, tia mchele kilo mbili, usiujaze mpaka ukakaza, uwe na ulegevu. Unauweka kwenye dirisha au juu ya paa, unalaza lenzi inajichimbia kashimo kake, inatulia kuliko standi yoyote. Mwombe dereva azime gari, siyo kusimama tu bali azime, maana injini ikiunguruma na picha inatikisika. Mimi wangu ni wa mchele kwa sababu safari ikiisha tunaupika. Tripodi ibebe kwa Tululusia tu, pale ukipunguza kasi ya shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, mpaka robo sekunde au nusu maji yanakuwa kama uzi wa hariri, na huwezi kushika kwa mkono muda huo.

Ngurdoto sikuisema kwa sababu inanipa shida, nikiri. Ni kreta pana kama kilomita tatu, hairuhusiwi kushuka ndani, unatazama kutokea ukingoni tu. Wanyama kule chini ni nukta. Asubuhi sana ukungu umeijaza, mchana hewa ya joto inacheza cheza picha inakuwa kama imeoteshwa majini. Nimepata picha mbili tu nzuri, zote saa 3 kuelekea 4, ukungu unapoanza kuinuka vipande vipande na nyati wanatokea katikati ya kinamasi. Simama Leitong Point, ndiyo ya juu kuliko zote ukingoni. Na usipige nyati, piga ule ukungu unavyoondoka.

Kijana wa Kitengela

Sasa wadau, salamu kutoka Kenya. Hii maneno ya kuangalia mlima umefunguka upande gani imenigusa sana, kwa sababu nilipanda Mlima Kenya Februari nikitumia njia ya Chogoria na sikuwa nimeelewa ni kwa nini picha zangu za huko zilitoka poa kuliko zile nilipiga upande wa Sirimon, njia ya kaskazini magharibi. Sasa ndio naona. Chogoria iko mashariki, lile bonde la Gorges limefunguka kwa jua la asubuhi, ukisimama pale juu ya mwamba ukiangalia Ziwa Michaelson chini saa moja asubuhi mwanga unaingia bondeni pole pole kama mtu anafungua pazia. Upande wa Sirimon asubuhi nilikuwa kwa kivuli mpaka nikachoka.

Swali langu, nikivuka Namanga na gari yangu, naweza ingia hapo kwa park siku moja na nirudi? Na drone wanakubali?

Lenzi ya Mashambani

Karibu sana ndugu yetu. Kutoka Namanga mpaka Arusha mjini ni kilomita 110 hivi, halafu unakwenda barabara ya Moshi mpaka Usa River ndipo unakunja kushoto kwenda getini. Kwa siku moja kwenda na kurudi utafika jua limeshapanda, utapata msitu na mbega, Meru ya asubuhi hutaipata. Lala Usa River au Tengeru usiku mmoja, asubuhi uko getini. Ukiwa Longido njiani simama ugeuke nyuma nyuma, jioni ukiwa unakuja anga la kule ni zuri sana.

Drone hapana, bila kibali cha TANAPA, wale wenye hifadhi za taifa, usiitoe hata begini, na ukitaka kupiga za biashara, tangazo au filamu, omba kibali kabla hujafika. Malipo ya kuingia ni kwa kadi au namba ya malipo, hela mkononi hawapokei. Na mifuko ya plastiki iache nyumbani, kwetu imekatazwa tangu Juni 2019, kamera ifunike mvua kwa koti la mvua la mtoto, linakaa vizuri kabisa na mikono yake inapitisha lenzi.

BintiUsambara

Mimi naongezea kwetu Lushoto kwa wasio na uwezo wa kulipia hifadhi. Irente ni mwendo wa miguu kutoka mjini, unapita mashamba ya kabichi na vijiji, unafika ukingoni ardhi inaisha tu, chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Ile ni ya jioni jamani, jua linazama upande wa nyikani. Asubuhi utajikuta unapiga ukungu. Na kiangazi kikali kuna vumbi la mbali linafanya kila kitu kijivu, nendeni siku moja baada ya mvua, mtaona mpaka bati za nyumba za chini zinamweka.

Ombi langu moja kwenu nyote mnaopiga picha. Njiani mtakutana na kina mama wamebeba kuni au watoto wanachunga, salimieni kwanza, ongeeni, ndipo muombe. Bibi yangu alipigwa picha na mtu wa kwenye gari akiwa ameinama shambani, hakusalimiwa, mpaka leo anaiongelea. Hakuchukia picha, alichukia kutosalimiwa.

Lenzi ya Mashambani

Dada umesema neno. Njia ya kwenda Ngongongare nayo imepita katikati ya migomba na kahawa za watu, na mimi nimewahi kupiga kutokea dirishani bila kushuka. Sitafanya tena.

Mama Wawili

Wapendwa nimerudi, nilisema nitaleta mrejesho. Tulienda wiki iliyopita. Tulifuata saa zenu, tukaingia geti lilipofunguliwa, watoto walikuwa wanalia usingizi njia nzima. Serengeti Ndogo nikawakatalia kukaa, nikamwambia dereva Momella. Tulifika maji yamelala. Sikujua kama Meru ina huo ukuta ndani, nimezaliwa Moshi, kutoka kwetu mlima huu uko mbali nilikuwa naona umbo lake tu, kumbe ndani uko wazi vile.

Nilifuta kioo na kanga, nikachuchumaa. Lakini picha niliyoipata sio ya mlima. Bibi yao alishuka garini polepole akasimama pale penye ganda jeupe, hakusema kitu, akavua viatu akavishika mkononi, na heroe wakawa wanasogea nyuma yake kushoto mstari mmoja. Nikashusha mwanga kama ulivyonielekeza, nikapiga mara moja. Dakika kama kumi baadaye upepo ukaanza.

Mgumu Mstaafu

Mama hiyo picha itie kwenye fremu bibi angali anaiona.

Lenzi ya Mashambani

Dada hongera sana. Kama bibi mwenyewe ameridhia iwekwe humu, tunaomba tuione.

Mama Wawili

Nimemuuliza sasa hivi. Amesema subiri kwanza akafunge kilemba vizuri tupige nyingine. Nimemwambia hapana mama, hiyo hiyo. Ameitazama tena kwa muda, amekubali. Naipandisha jioni nikitoka kazini, simu ya hapa mtandao unasumbua.